Kufu na Waraka: Katazo la Ndoa ni Mali ya Nani?

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno moja fupi lililotosha kuivunja posa kabla mahari haijatajwa. Neno hilo ni kufu. Mshenga akijibiwa kuwa kijana aliyemtuma si kufu ya binti, hakuwa na la kuongeza. Aliaga, akachukua bakora yake, akarudi alikotoka. Hakutukanwa wala hakufukuzwa. Lakini kijana aliyekuwa akimngoja alijua, tangu alipomwona akija kwa mwendo wa pole, kuwa mlango umefungwa, na ya kuwa funguo zake hazikuwa katika tabia yake wala katika bidii yake, bali zilikuwa katika makaburi ya babu zake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pwani hiyo hiyo ililetewa katazo jingine la ndoa. Hili halikuletwa na mshenga wala halikusemwa barazani. Lilikuja kwa meli, likiwa limeandikwa katika karatasi ya serikali, likimwamuru msajili asiandike katika daftari lake ndoa ya mtu mweupe na mtu mweusi. Katazo la kwanza lilipima nasaba. La pili lilipima rangi. Kwa kuwa yote mawili yalimpima mtu kwa jambo asilolichagua, watu wengi huyatia katika kapu moja na kuyalaani pamoja.

Sikusudii katika insha hii kulitetea katazo lolote kati ya hayo. Nakusudia kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, halijaulizwa vya kutosha. Tumezoea kuuliza: nani alikatazwa kumwoa nani? Hilo ni swali jema, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: katazo lilikuwa mali ya nani, na je, mwenyewe aliweza kulisamehe? Nitajaribu kuonyesha kuwa tofauti kubwa baina ya sheria moja ya ndoa na nyingine hukaa katika nusu hiyo ya pili, na kwamba kila mara haki ya kukataa ilipotolewa mikononi mwa wahusika ikapewa wengine, madhara yalizidi.

Na tulianze lile la kale. Wengi wa Waislamu wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafii. Wanazuoni wa madhehebu hayo walihesabu mambo matano ya kupimia kufu: uungwana, yaani mtu kuwa huru na si mtumwa; nasaba; uchaji wa dini; kazi; na kusalimika na vilema vinavyoiharibu ndoa. Madhehebu mengine hayakuafikiana nao katika kila jambo. Wafuasi wa Imamu Hanafi waliingiza mali katika mizani. Imamu Malik aliliegemeza jambo hili hasa juu ya dini. Katika mizani hiyo mwanamume ndiye aliyepimwa. Yeye aliweza kumwoa mwanamke wa daraja la chini yake bila ya mtu kumwuliza, kwa sababu watoto walifuata nasaba ya baba. Bali mwanamke akiolewa na wa chini yake, ilihesabiwa kuwa aibu imeingia nyumbani kwao.

Hapo ndipo wasomaji wengi huishia. Lakini vitabu vya fikihi vinaendelea, na maneno yanayofuata ndiyo yenye uzito kwetu. Vyasema kuwa kufu ni haki ya mwanamke na ya walii wake. Haikuwa haki ya mtawala, wala haikuwa sharti ambalo likikosekana ndoa huwa haramu hata wahusika wakiridhia. Mwanamke akiridhika na mume asiye kufu yake, na walii wake akaridhika, basi haki imesamehewa na wenyewe, na ndoa ni sahihi. Wanazuoni walikuwa na mifano ya kale ya kutoa. Zaid bin Haritha alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akaozwa Zainab binti Jahsh aliyekuwa wa nasaba tukufu. Fatima binti Kais alikuwa Mkureshi, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemshauri aolewe na Usama, mwana wa Zaid huyo huyo. Katazo, basi, lilikuwa kama deni: lina mwenyewe, na mwenyewe akisema amesamehe, hapana wa kulidai tena.

Tena katazo hili lilikuwa na upande wa ngao. Madhehebu ya Shafii yalimpa baba, na babu mzaa baba, uwezo wa kumwoza mwanamwali pasipo kungoja ridhaa yake, ingawa yalipendekeza aulizwe. Uwezo huo ni mkubwa, na wasichana wengi waliuonja uchungu wake. Hata hivyo ulifungwa kwa masharti, na moja lilikuwa kwamba mume awe kufu. Baba aliyetaka kumtupa binti yake kwa mtu duni kwa ajili ya deni au tamaa aliweza kuzuiwa kwa neno lile lile lililomfukuza mshenga. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Sitaki, hata hivyo, kuyapaka rangi mambo ya kale yakang'aa kuliko yalivyokuwa. Katika miji ya pwani uungwana lilikuwa jambo la kwanza katika mizani, na maelfu ya watu walikuwa watumwa au wana wa watumwa. Mtumwa hakuoa bila ya ruhusa ya bwana wake. Unguja utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Huko Tanganyika ulidumu mpaka mwaka 1922. Hata hati za uhuru zilipotolewa, hoja ya kufu haikuzikwa pamoja na minyororo. Aliyeachwa huru jana hakuwa sawa na aliyezaliwa huru, na mwanawe aliweza kuambiwa barazani jina la bwana wa babu yake. Naye walii aliyepewa haki ya kusamehe mara nyingi alikuwa mtu mwenye kiburi kuliko wote nyumbani. Kusema kwamba mlango ulikuwa na funguo si kusema kwamba ulifunguliwa kila siku. Nasema tu kwamba funguo zilikuwapo, na zilikuwa nyumbani.

Je, ingekuwaje kama funguo hizo zingeondolewa nyumbani? Jibu tunalipata ng'ambo ya bahari yetu, katika mwaka 1905. Huko Singapore, kati ya Waarabu wa Hadhramaut ambao ndugu zao waliishi pia Mombasa, Lamu na Unguja, Sharifa mmoja aliolewa na Mwislamu wa Kihindi asiyekuwa wa ukoo wa Mtume. Swali likapelekwa Misri kwa Rashid Rida, mhariri wa jarida la al-Manar, naye akatoa fatwa kuwa ndoa hiyo ni sahihi. Sayyid Umar al-Attas, mwanazuoni wa Kihadhrami, akampinga vikali. Hoja yake yastahili kuangaliwa. Hakusema kwamba walii hakuulizwa, wala hakusema kwamba binti alilazimishwa. Alisema kuwa ndoa ya namna hiyo haifai hata wote wawili wakiridhia, kwa maana heshima ya nasaba ile si mali ya binti wala ya baba yake. Ni mali ya Masharifu wote, walio hai na watakaozaliwa.

Tazama jinsi jambo lilivyogeuka. Mizani ni ile ile na daraja ni zile zile. Kilichobadilika ni mwenye mali. Haki iliyokuwa ya watu wawili imefanywa kuwa ya maelfu, na haki ya maelfu haina wa kuisamehe, kwa kuwa maelfu hawawezi kukaa barazani wakaulizwa. Mabishano hayo yaliwagawa Wahadhrami wa Mashariki ya Mbali kwa miaka mingi. Mwaka 1914 huko Batavia likaundwa jumuiya la al-Irshad, kwa kuongozwa na mafundisho ya mwalimu Ahmad Surkati, Msudani aliyekuwa ameunga mkono uhalali wa ndoa za namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 1905 jambo kama hilo, lakini lenye mkono mzito zaidi, lilimfika mtu mmoja wa Bagamoyo. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anamjua kwa kitabu chake, ijapokuwa si kila mmoja anajua maisha yake. Huyo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alizaliwa yapata mwaka 1869 karibu na Bagamoyo, akasoma chuoni, akawa mwalimu wa Kurani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, akifanya kazi pamoja na Carl Velten. Habari ya safari yake ya Udoe ilitoka katika mkusanyo wa mwaka 1901, na mwaka 1903 kikapigwa chapa huko Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya kalamu yake. Ndani ya kitabu hicho zimo habari za posa, mahari, harusi, talaka, eda, utumwa na hukumu. Kwa hiyo, ikiwa alikuwako mtu katika Berlin yote aliyejua ndoa hufungwaje na huzuiwaje katika pwani yetu, alikuwa Mtoro.

Mwaka 1904, huko huko Berlin, alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani. Ndoa yao ilikuwa halali. Hapakuwa na sheria katika Ujerumani iliyomkataza Mwafrika kumwoa Mjerumani, na msajili aliiandika kama alivyoziandika nyingine. Mwaka 1905 Mtoro aliiacha kazi yake, akashika safari pamoja na mkewe ili wakakae Bagamoyo. Wahenga walisema: mwenda kwao si mtumwa. Lakini wenye mamlaka wa Afrika Mashariki ya Kijerumani walikataa kuwapokea. Gavana wa wakati huo alikuwa Graf von Götzen, na nchi ilikuwa imeingia katika vita vya Maji Maji. Mume na mke walirudishwa Ujerumani.

Tulia hapa kidogo, msomaji, tuyapime mambo haya. Watu wawili walikuwa mume na mke Berlin. Walikuwa mume na mke baharini. Walipofika kwao mume, katika nchi iliyotawaliwa na serikali ile ile iliyowaandikia cheti, ndoa yao ikawa hatari kwa utawala. Wala hapana jamaa aliyesimama akadai. Baba wa mke hakuja bandarini kusema kuwa mkwewe si kufu, na ukoo wa Mtoro haukuulizwa iwapo wanamtaka mke wa kigeni. Aliyekataa ni mtu ambaye ndoa ile haikumhusu kwa nasaba, kwa mahari wala kwa ujirani. Mtoro alizijua sheria za pwani: alijua kuwa kufu ikikosekana, huombwa ridhaa. Hapa angeomba ridhaa ya nani? Binti amekwisha ridhia. Dola haina moyo wa kulainishwa na mshenga.

Inafaa tujue pia katazo hilo lilitungwa wapi. Halikutungwa bungeni. Septemba 1905, huko Afrika Kusini-Magharibi ya Kijerumani, ambayo leo ni Namibia, naibu wa gavana Hans Tecklenburg aliwaagiza wasajili wasifunge tena ndoa za weupe na wenyeji. Mwaka 1906 utawala wa Afrika Mashariki ukashika njia hiyo. Mwaka 1907 mahakama ya Windhuk ikavuka mpaka: ikaamua kuwa hata ndoa zilizofungwa kabla ya agizo la mwaka 1905 hazikuwa ndoa. Wanawake waliolala wakiwa wake wa watu waliamka wakiwa masuria, na watoto wao wakawa hawana baba mbele ya sheria. Januari 1912 Wilhelm Solf, waziri wa makoloni, akalipeleka katazo Samoa.

Jambo hilo la Samoa ndilo lililoliamsha Bunge la Ujerumani. Mei 1912 wabunge walijadili, na kwa kura 203 dhidi ya 133 wakaitaka serikali ilete sheria ya kuzitambua ndoa hizo makoloni. Kati ya waliounga mkono walikuwamo Wakatoliki wa Chama cha Kati, walioona kuwa ndoa ni agano la dini ambalo serikali haina uwezo wa kulivunja kwa sababu ya rangi, na Wasoshalisti. Kura ilipita, lakini serikali haikuleta sheria. Makoloni yaliendelea kutawaliwa kwa waraka mpaka yaliponyang'anywa. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: wabunge waliochaguliwa na watu walisema ndoa hizi zitambuliwe, na karani mwenye daftari akasema hapana, na neno la karani ndilo lililosimama.

Kwa nini daftari liliogopwa namna hiyo? Wakoloni hawakukataza weupe na weusi wasikutane. Makao ya maaskari na mashamba ya walowezi yalijaa watoto wa mikutano hiyo, na wengi wao hawakupewa jina la baba. Kilichokatazwa ni ndoa. Katika sheria ya Kijerumani ya wakati huo mke alifuata uraia wa mumewe, na watoto wa ndoa walifuata uraia wa baba. Mwanamke wa Kiafrika aliyeolewa na Mjerumani angekuwa Mjerumani, na mwanawe angeweza kurithi shamba, kuvaa sare ya jeshi na kupiga kura. Ama Mjerumani mwanamke aliyeolewa na Mwafrika, yeye angeingia nyumbani kwa mtawaliwa na kumwita bwana wake. Katika hali zote mbili ukuta uliojengwa kati ya mtawala na mtawaliwa ungepata mlango. Waraka ule ulilinda ukuta huo, na jina la damu safi lilikuwa chokaa yake.

Mtoro alibaki Ujerumani. Alifundisha Kiswahili huko Hamburg, kisha akarudi Berlin, akafariki huko mwaka 1927. Miaka michache baadaye alifika katika chuo kile kile cha Berlin Mswahili mwingine kuwafundisha Wajerumani lugha yetu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwaka ule ule alipooa Mtoro, na jina lake la kwanza lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari, na mwana mwenyewe aliingia katika vita vya kwanza vya dunia akiwa mtoto, akiwapigania Wajerumani. Alifika Ujerumani mwaka 1929, akadai malipo ya askari yaliyobaki, asipewe. Akafanya kazi ya kuhudumu mezani na, baadaye, ya kufundisha. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler alishika serikali.

Septemba 1935 zikatangazwa sheria za Nuremberg. Sheria yenyewe ilitaja Wayahudi: hawataoana na Wajerumani, wala hawatakutana nao nje ya ndoa. Waafrika hawakutajwa. Lakini Novemba ya mwaka huo waziri wa mambo ya ndani alieleza kwa waraka kuwa katazo hilo linawahusu pia watu weusi na Wajipsi. Kalamu iliyoandika Windhuk mwaka 1905 imerudi nyumbani Berlin baada ya miaka 30, ikiwa na wino mwingi zaidi. Mwaka 1941 Husen alikamatwa na polisi wa siri kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Bila ya kuhukumiwa na mahakama yoyote alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwalimu mmoja wa Kiswahili alizuiwa asirudi kwao kwa sababu ya mke; mwalimu mwingine, katika chuo hicho hicho, aliuawa na kambi kwa sababu ya katazo lililokua kutoka mbegu ile ile.

Yasidhaniwe kuwa haya ni maradhi ya Wajerumani peke yao. Afrika ya Kusini ilikataza ndoa za weupe na wengine kwa sheria ya mwaka 1949, isiyofutwa mpaka mwaka 1985. Waingereza, kwa upande wao, hawakuwa na sheria kama hiyo huko Bechuanaland, lakini walifika mahali karibu na hapo kwa njia ya ofisini. Seretse Khama, mrithi wa kiti cha Bamangwato, alimwoa Ruth Williams London mwaka 1948. Hapa kwa mara moja kizuizi cha jadi na kizuizi cha dola vinaonekana pamoja. Mjomba wa kijana—au, kwa usahihi zaidi, baba yake mdogo—Tshekedi Khama, aliipinga ndoa kwa kuwa ukoo haukuulizwa. Lakini watu wa kabila walikaa katika mikutano ya baraza, wakabishana, na mwaka 1949 wakamkubali Seretse pamoja na mkewe. Wenye haki ya kukataa walikuwa wamesamehe. Serikali ya Uingereza, ikichelea kuwaudhi watawala wa Afrika ya Kusini, haikusamehe: mwaka 1950 ilimzuia asikae katika nchi yake, na hakurudi mpaka mwaka 1956, baada ya kuukana uchifu. Mwaka 1966 alikuwa rais wa kwanza wa Botswana.

Mtu atasema: basi dawa ni serikali kuvivunja vizuizi vyote kwa nguvu. Historia ya Unguja yatuonya. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 utawala mpya ulitangaza vita juu ya ubaguzi wa kale, na katika ubaguzi huo kufu ilihesabiwa, tena kwa haki. Lakini mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa utawala, na kukataa kwa jamaa zao kukatajwa kuwa ni ubaguzi. Ulimwengu ulipiga kelele, na ulikuwa na haki ya kupiga. Mlango wa kufu ulivunjwa, lakini aliyeingia kwa kuvunja mlango hakubisha hodi kwa mwenye nyumba. Binti aliyekuwa haulizwi na baba yake sasa haulizwi na dola. Waraka wa Windhuk ulisema, hutaolewa hata ukiridhia. Nguvu ya mwaka 1970 ilisema, utaolewa hata usiporidhia. Maneno yapingana, lakini yametoka kinywa kimoja: yote mawili yaifanya ridhaa ya mtu kuwa kitu kisichohesabiwa.

Mwaka uliofuata Tanzania Bara ilipata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyosema wazi kuwa ndoa haifungwi ila kwa hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Hapo haki iliyozunguka mikono ya mabwana, mawalii, magavana na mawaziri iliwekwa mahali pake. Hata hivyo haikuwekwa nzima. Sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akingojewa mpaka miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vinapingana na katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Ridhaa ya baba kwa ajili ya mtoto asiyejua anaridhia nini ni mabaki ya uwezo ule wa kale, ukiwa umekosa hata ngao ya kufu iliyoufunga zamani.

Najua kuwa baadhi ya wasomaji hawatapendezwa na kufananisha kwangu. Watasema kuwa nimeisafisha kufu kwa kuisimamisha karibu na uovu mkubwa kuliko wenyewe. Nawajibu kuwa kijana aliyerudiwa na mshenga kwa mwendo wa pole hakupata faraja kwa kujua kuwa siku moja, mahali pengine, kutakuwako waraka. Aliumia, na maumivu yake yalikuwa ya kweli. Lakini mwanafunzi wa historia hatakiwi kupima maumivu tu. Atakiwa pia kujua yalivyoweza kuondolewa. Katazo lililo mali ya baba laweza kuondolewa na baba akibadili moyo, na akina baba wengi wa pwani walibadili mioyo yao, mmoja baada ya mmoja, bila ya vita na bila ya bunge. Ndiyo sababu miji yetu imejaa watu ambao nasaba zao hazihesabiki kwa mstari mmoja. Katazo lililofanywa mali ya damu yote, au ya taifa zima, au ya rangi, halina baba wa kubadili moyo. Huvunjika kwa kuanguka kwa dola, na waliomo ndani yake mara nyingi huwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo, kila itakapoletwa mbele yetu sheria ya kuwazuia watu kuoana au ya kuwalazimisha, tusitosheke na kuuliza kama sababu zake ni nzuri. Sababu hazikosi kamwe. Tecklenburg alikuwa nazo, na mwanazuoni wa Singapore alikuwa nazo. Tuulize ni nani atakayeshika funguo, na kama binti na kijana wamo katika hao. Mtoro bin Mwinyi Bakari alitueleza kwa kirefu jinsi watu wa pwani walivyoposa, walivyojibiwa na walivyooana. Habari ya ndoa yake mwenyewe imetubidi kuisoma katika majalada ya wale walioikataa.